Mtoto Hatulii? Mpe Kazi: Michezo ya Kuimarisha Mwili kwa Watoto wa Mwaka 1 hadi 3

Mtoto wa miaka miwili asiyetulia hana tatizo lolote. Wenye tatizo ni sisi tunaotaka atulie, maana dagaa wameanikwa, uji uko jikoni, maji hayajachotwa, na yeye tayari kapanda juu ya stuli anatafuta cha kuangusha. Dawa ya siku hizi ni kumpa simu aangalie katuni. Dawa ya zamani ni kumfunga mgongoni. Zote zinatuliza kweli, lakini zikizidi zinamnyima kitu anachokihitaji umri huu kuliko mdoli wowote wa dukani: kuutumia mwili wake mzima, kuanzia shingo hadi unyayo, mpaka misuli mikubwa ya mgongo, mapaja na mabega izoee kazi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya jambo hili mwaka 2019. Linasema mtoto wa mwaka 1 hadi 4 anatakiwa ajishughulishe kimwili angalau dakika 180 kwa siku, yaani saa tatu, zikiwa zimesambaa asubuhi hadi jioni. Akifika miaka 3, angalau dakika 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia na kuhema hasa. Asibanwe sehemu moja zaidi ya saa moja kwa mkupuo, na hapo wametaja wazi kwamba kufungwa mgongoni kwa mlezi nako kunahesabika. Kuhusu skrini, mwenye mwaka 1 asipewe kabisa, na mwenye miaka 2 isizidi saa moja.

Saa tatu zinatisha ukizisikia mara ya kwanza. Ukizikatakata zinapatikana: robo saa wakati unafagia, nusu saa jioni jua likipoa, dakika kumi kabla ya kuoga. Haya yafuatayo nimeyaandika kwa nyumba za Kigoma kama tunavyozijua, zenye uwanja wa udongo mwekundu, mwembe mmoja au mchikichi pembeni, na dumu la mawese kila kona. Nawafikiria akina mama wenye shughuli, mabibi wanaolea wajukuu, na dada wa kazi, kwa kuwa mara nyingi hao ndio wanaoshinda na mtoto. Baba akitafuta pa kuanzia, aanzie kwenye mpira.

Hatua ya 1: Kagua uwanja ukiwa umepiga magoti

Piga magoti kweli, usikague kwa kusimama. Kutoka kimo hicho utaona vitu ambavyo hukuwahi kuviona: msumari uliochomoza kwenye mguu wa benchi, wembe ulioangukia nyuma ya ngazi, mpini wa sufuria unaoning'inia usawa wa paji la uso wake. Okota chikichi zilizodondoka, mbegu za ubuyu, vizibo vya soda, betri za redio. Chochote kinachoingia kooni kitaishia mdomoni.

Maji ndiyo ya kuogopa kuliko vyote. Mtoto wa umri huu kichwa chake ni kizito kikilinganishwa na mwili wake. Akiinamia ndoo na kutumbukia hawezi kujinyanyua, na sentimita 5 tu za maji zinatosha kumzamisha. Kwa hiyo ndoo zifunikwe au zimwagwe, beseni la kufulia ligeuzwe kifudifudi mara baada ya kazi, kisima na shimo la choo vifunikwe kwa kitu asichoweza kukisukuma. Jiko la mkaa liwe juu, au liwe nyuma ya kizuizi. Kama nyumba iko karibu na njia ya bodaboda, pawe na mlango, kamba au benchi la kuzuia, maana mtoto aliyejua kukimbia juzi hajui kusimama leo.

Miguu peku ni mizuri kwa mchezo. Vidole vinashika ardhi, unyayo unapata nguvu, na mtoto anajua anakanyaga nini. Ila udongo wenye kinyesi, cha watu au cha wanyama, una minyoo. Minyoo ya safura huingilia kwenye ngozi ya miguu, na funza nao wanapenda vumbi la uwanja usiofagiliwa. Basi fagia, nyunyizia maji, acha atembee peku kwenye uwanja unaoujua, na umvalishe ndala zenye mkanda wa nyuma anapotoka nje ya hapo. Dawa ya minyoo hutolewa kila baada ya miezi sita pamoja na vitamini A, mwezi wa sita na wa kumi na mbili, usiiache ipite.

Hatua ya 2: Jua amefika wapi, usimkimbize

Watoto hawaanzi kutembea siku moja. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa kwa watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, matokeo yakatolewa mwaka 2006, ulionyesha kwamba watoto wenye afya njema huanza kutembea wenyewe popote kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu hivi. Pengo hilo ni kubwa sana. Kwa hiyo yule jirani anayesema "wa kwangu alitembea na miezi tisa" anasema kweli, na wa kwako wa miezi kumi na tano anayetambaa bado naye yuko sawa. Utafiti huohuo ulikuta karibu watoto 4 kati ya 100 hawakutambaa kwa magoti kabisa. Walisota kwa makalio au walipitiliza wakasimama.

Baada ya hapo mambo huja kwa mpangilio unaofanana kwa wengi. Karibu na miaka miwili anakimbia, ingawa anasimama kwa kugonga kitu, na anaupiga mpira teke. Katikati ya miaka miwili na mitatu anaruka miguu yote miwili ikiachana na ardhi. Akikaribia mitatu anaweza kusimama kwa mguu mmoja sekunde moja mbili na kupanda ngazi kwa kupishanisha miguu. Mchagulie mchezo unaolingana na anachokaribia kukiweza.

Hapa niseme juu ya kile kigari cha magurudumu ambacho mtoto hukalishwa katikati akajisukuma, ambacho wengi wanakiita woka. Sikipendi. Mtoto anasukuma kwa ncha za vidole, haioni miguu yake, haanguki, kwa hiyo hajifunzi kujizuia. Halafu mji wetu ni wa milima. Kigari kikipata mteremko hakuna mtu mzima atakayekiwahi. Kanada walipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004 kwa sababu ya ajali. Hela hiyo nunua samaki. Wapo pia wanaomchimbia mtoto shimo, wakamfukia hadi kiunoni ili miguu ikaze. Mchanga ndio unaomsimamisha, yeye anakuwa amebebwa tu.

Hatua ya 3: Anayetambaa na anayesimama dede

Mtandikie mkeka, kisha weka anachokipenda, kijiko au kifuniko cha sufuria, mbali kidogo na mkono wake. Akikifikia, kisogeze. Akizoea, weka mto au kanga iliyokunjwa katikati ya njia apande juu yake na kushuka upande wa pili. Stuli mbili ukizifunika kitenge unapata pango la kupita. Wewe kaa upande wa kutokea na umwite. Kutambaa kwa mikono na magoti kunakaza mabega na mgongo, kwa hiyo hata aliyekwisha kujua kutembea mrudishe mchezoni humo.

Akianza kusimama dede, panga vitu vya kushikia: benchi, kisha kiti cha plastiki, kisha ukuta, vikiachana hatua moja. Weka kifuniko chake juu ya kiti cha mwisho. Ataambaa na benchi, atafika mwisho, atasimama akifikiria. Mwache afikirie. Siku moja ataachia mkono mmoja, siku nyingine yote miwili. Ukimshika, mshike kiunoni au kwenye mbavu badala ya kumvuta mikono juu, maana anayening'inizwa kwa mikono anajifunza kutembea akiwa ameegemea mbele.

Kiti cha plastiki kikigeuzwa ndicho kigari bora. Anakishika mgongo, anakisukuma kwenye sakafu, anatembea nyuma yake kwa miguu yake mwenyewe. Ukiona kinateleza mno, weka dumu lenye maji kidogo juu ya kiti.

Hatua ya 4: Dumu

Ningeambiwa nichague kifaa kimoja tu cha mchezo kwa mtoto wa Kigoma ningechagua dumu. Liko kila nyumba, halivunjiki, halina kona kali, na uzito wake unaupanga mwenyewe kwa kuongeza au kupunguza maji. Tafuta la lita 20, la lita 5 na chupa mbili tatu za nusu lita. Dumu lililokaa mawese halisafiki kwa maji baridi. Tia maji ya moto yasiyochemka, sabuni ya unga na konzi moja ya mchanga, likoroge kwa kulitikisa kwa nguvu, mwaga, rudia hadi maji yatoke bila rangi. Likiachwa na mafuta linateleza mikononi na linavuta vumbi na sisimizi. Kizibo kifunge kwa nguvu zako, au kiondoe kabisa.

Kuvuta ndiko huanza. Funga kamba kwenye mkono wa dumu la lita 5 tupu, kamba fupi isiyoweza kumzunguka shingoni, na mchezo ukiisha iweke juu. Mpe avute. Usimwelekeze kitu. Utamwona anakwenda mbele huku anatazama nyuma, jambo ambalo kwa mtu mzima ni dogo na kwake ni kazi nzito ya kujisawazisha. Dumu litakwama kwenye mzizi wa mwembe. Atavuta, atakasirika, atavuta tena akiwa ameulalia mwili wote nyuma. Halafu atarudi, atachuchumaa magoti wazi na makalio karibu kugusa chini, atalinyanyua kwa mikono miwili kulivusha mzizi, atasimama, ataendelea. Katika dakika hiyo moja amevuta, amechuchumaa, amebeba, amesimama bila kushika kitu na amegeuka. Ungemlipa mtu amfanyishe mazoezi asingefikisha yote hayo. Kwa hiyo usikimbilie kumsaidia dumu likikwama.

Kusukuma kunafuata. Lita 20 lilaze ubavu kwenye sakafu, tia maji kidogo, asukume toka mlangoni hadi ukutani. Anza na lita mbili, yaani kilo mbili. Ukiona analisukuma kirahisi, ongeza. Ukiona anainua visigino na hamna kinachosogea, punguza. Mapaja na kiuno hapa ndipo vinapofanya kazi.

Kubeba kunapendwa kuliko vyote kwa sababu kunafanana na kazi ya watu wazima. Chupa ya nusu lita iliyojaa ina uzito wa nusu kilo. Kwa mtoto wa miaka miwili mwenye kilo kama 12 hiyo inatosha, na aliyezoea anaweza kubeba lita moja kwa mikono miwili akiikumbatia kifuani. Nimekaa kwenye baraza moja la Ujiji nikamtazama bibi akipalilia mchicha wake na mjukuu wa kiume akimletea maji chupa moja moja kutoka kwenye pipa, ambalo shangazi mtu alikuwa amelisimamia.

"Haya mume wangu, leta maji, mboga zina kiu."

"Nakuja, bibi!"

Alikuja kwa mbio, akamwaga nusu njiani na nusu kwenye miguu ya bibi, akageuka kufuata nyingine. Mchicha ulipata maji kidogo sana. Yeye alikwenda na kurudi mpaka shati likalowa jasho, na hakuna aliyemwambia kwamba anafanya mazoezi.

Mwisho kuna dumu la ngoma. Lipige kwa kijiti, mtoto atembee au acheze. Ukinyamaza, asimame palepale alipo. Piga polepole atembee kama mzee, piga haraka akimbie, piga kwa kishindo akanyage kwa nguvu kama tembo. Kusimama ghafla ni kugumu kuliko kukimbia, na ndiko kutakakomwokoa siku utakapomwita karibu na barabara. Mchezo huu watoto watatu wanne wa uwanja mmoja wanaucheza pamoja bila kugombana, jambo la nadra.

Hatua ya 5: Kupanda na kushuka

Mjini kwetu hakuna haja ya kujenga ngazi, ardhi yenyewe ni ngazi. Chagua mteremko mfupi wa udongo usio na mawe wala mfereji, na mpande pamoja, yeye mbele, wewe nyuma. Akiinama na kushika chini kwa mikono, mwache. Ndivyo mwili unavyojua kupanda. Kushuka ndiko kugumu, kwa sababu mapaja yanafanya kazi ya breki. Wewe sasa unakuwa mbele yake, upande wa chini, unashuka kinyumenyume ukimwangalia.

Barazani na kitandani mfundishe kushuka kwa makalio nyuma. Mgeuze alale kwa tumbo, vuta miguu yake taratibu hadi iguse chini, sema neno lilelile kila mara, "geuka, miguu kwanza". Rudia siku baada ya siku. Mtoto anayejua kushuka hivi anakuacha upumue hata akiwa juu ya kitanda peke yake.

Akitaka kupanda mti, mpe tawi la chini kabisa, usawa wa kifua chake. Kanuni yangu ni moja: usimpandishe mahali asipoweza kufika mwenyewe. Pale alipojipandisha, mara nyingi anajua kushuka. Pale ulipombeba ukamweka, hajui.

Hatua ya 6: Mpira

Mpira wa matambara, ule wa soksi kuukuu iliyojazwa vitambaa na kufungwa kwa kamba, unamfaa mtoto mdogo kuliko wa dukani. Haukimbii mbali, hauumizi, na anaweza kuukamata kwa vidole. Utengeneze mkubwa kidogo, ukubwa wa ngumi haufai kwa kudaka. Ulingane na kichwa cha mtoto.

Fuata mpangilio huu, usiruke. Kwanza mkae chini miguu wazi, mkitazamana, muuviringishe kati yenu. Pili autupe, popote, kwa mikono miwili toka juu ya kichwa. Beseni au ungo ulioegemezwa ukutani unakuwa shabaha, mwanzoni hatua moja, kisha mbili. Tatu aupige teke ukiwa umetulia. Watoto wengi mwanzoni wanautembelea mpira tu, wanaukanyaga, wanaugonga kwa goti. Ni sawa, kusimama kwa mguu mmoja hata kwa nukta ndiyo hatua yenyewe. Nne ni kumpigia unaotembea. Kudaka huja mwisho kabisa, na kwa wa miaka mitatu kudaka maana yake ni kuukumbatia kifuani akiwa amefumba macho. Mrushie kutoka karibu sana, kwa upole, toka chini kwenda juu.

Baba wa chandimu, usimkosoe mguu. Kushoto au kulia ataamua mwenyewe baadaye.

Hatua ya 7: Kuruka na kujisawazisha

Kichurachura sisi tuliokwenda shule tunakijua kama adhabu. Kwa mtoto ni raha tupu: achuchumae, aweke mikono chini, aruke kama chura hadi kwenye mkeka. Kabla hajaweza kuruka mwenyewe, msimamishe juu ya kizingiti kifupi, mshike mikono yote miwili, hesabu "moja, mbili, tatu" naye aruke chini. Wiki hadi wiki punguza kumshika, mkono mmoja, kisha kidole. Akitua huku magoti yamekunjwa, yuko sawa. Akitua miguu imenyooka kama fimbo, mrudishe kwenye kuchuchumaa kwanza.

Kwa kujisawazisha, chora mstari uwanjani kwa kijiti atembee juu yake, kisha utumie ubao mpana uliolazwa chini, upana wa nyayo mbili. Chora miduara apite kutoka mmoja hadi mwingine. Wakati wa kufua mpe kibanio kimoja kimoja kutoka kwenye beseni. Kuinama, kuinuka na kunyoosha mkono kukupa ni zoezi tosha.

Ufukweni

Kibirizi na Katonga mchanga upo wa bure, na kutembea kwenye mchanga laini kunachosha miguu mara mbili ya kutembea kwenye udongo mgumu. Nendeni asubuhi kabla ya saa nne au jioni kuanzia saa kumi. Achimbe kwa mikono, abingirike kutoka kwenye kilima kidogo cha mchanga, afuate nyayo zako ulizoziacha kwa hatua kubwa. Mwende upande usio na dagaa walioanikwa, vinginevyo mtafukuzwa, tena kwa haki. Angalia pia ndoano na vipande vya nyavu.

Ila Tanganyika ndilo ziwa lenye kina kirefu kuliko yote Afrika, mita 1,470, na sehemu nyingi chini hupotea ghafla hatua chache tu kutoka ukingoni. Mtoto mdogo akiwa karibu na maji awe umbali wa mkono wako, na mtu mmoja anayejulikana kwa jina ndiye awe na zamu ya kumwangalia. "Tulikuwa wote tunamwangalia" maana yake hakuna aliyemwangalia. Epuka maji yaliyotuama yenye matete. Konokono wa huko ndio wanaobeba kichocho, na kichocho huingia kwa ngozi kugusa maji tu.

Mvua ikiwa imekaza

Kuanzia Novemba hadi Aprili kuna siku uwanja hauingiliki. Ndani panga mito sakafuni iwe visiwa, aruke kutoka kimoja hadi kingine. Wazima wawili shikeni ncha za kitenge kigumu, mtoto alale katikati mumbembeze chini chini juu ya godoro. Kombolela ya watoto wadogo inatosha chumba kimoja, kwani anajificha nyuma ya pazia miguu ikiwa nje na anaamini haonekani. Wa miaka mitatu mshike miguu atembee kwa mikono, hatua nne tano. Weka muziki mcheze. Na mvua ikikatika bila radi, madimbwi ya uwanjani ni ya kurukwa, nguo zitafuliwa.

Onyo moja la michezo ya kubembeza: usimnyanyue wala kumzungusha kwa mkono mmoja, wala kumvuta ghafla njiani kwa mkono. Kiwiko cha mtoto chini ya miaka mitano huteguka kirahisi. Ukiona mkono umelegea na hataki kuutumia, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, usimkande.

Jinsi ya kujua inatosha

Akijitupa chini, akianza kulia kwa jambo dogo au kujikwaa kila hatua, amechoka. Mpe maji, mpe chakula, alale. Umri wa mwaka 1 na 2 anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku pamoja na wa mchana, na mwenye miaka 3 saa 10 hadi 13. Mwenye njaa hachezi, kwa hiyo mtoto aliyepoa siku nzima mwangalie kwanza sahani na joto la mwili kabla ya kumwita mvivu. Mtoto mwenye ulemavu naye ana saa zake tatu. Anayeshindwa kusimama anaweza kurusha mpira akiwa amekaa, kubingirika kwenye mkeka, kuvuta kamba, kusukuma dumu kwa miguu.

Lini umuulize muuguzi

Siku ya kliniki watu hupima uzito wakaondoka. Uliza na hili, na usisubiri tarehe ya kadi kama unaona mojawapo ya haya: hajaweza kukaa bila kushikwa akiwa na miezi 9, hajatembea akiwa na miezi 18, anatumia upande mmoja wa mwili kuliko mwingine, anatembea kwa ncha za vidole wakati wote, mwili umelegea mno au umekakamaa. Matege ni ya kawaida mtoto anapoanza kutembea na mara nyingi hunyooka baada ya miaka miwili. Yakizidi badala ya kupungua, au mguu mmoja ukiwa na tege kuliko mwingine, aonekane. Na kama alikuwa anatembea kisha ameacha, au alikuwa anashika vitu kisha hashiki, nenda siku hiyohiyo, zahanati ya karibu, nao wakiona haja watakuandikia rufaa ya Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu.